Kivuli cha Mti na Dondoo Lake

Wahenga walisema: utu uzima dawa. Aghalabu msemo huu hutajwa pale jambo linapowashinda vijana, likawa halina mbele wala nyuma, kisha akaja mtu mzima akalifumbua kwa neno moja. Waliousema waliihesabu miaka kuwa akiba. Leo madukani, Unguja na Mombasa, Dar es Salaam na Songea, vinauzwa vikopo vya krimu ambavyo maandishi yake yameupindua msemo huo: utu uzima ndio maradhi, na dawa imo kikoponi. Pembeni ya maandishi hayo huchorwa jani, ua au tunda, ili moyo wa mnunuzi utulie kwamba kitakachomtibu umri wake ni mti, na mti haujui hila.

Kama krimu hizo zinafanya kazi au hazifanyi, hilo ni la mabingwa wa ngozi, nao wamekwisha kulijibu kwa sehemu kubwa. Kwa watu wengine limebaki swali la maadili. Kuihifadhi ngozi na kuufuta umri, je, ni tendo moja au ni mawili? Na yakiwa mawili, binadamu ana wajibu gani katika lile la kwanza, na ana haki gani katika lile la pili? Swali la namna hii likijadiliwa mbele ya kioo na taa tu, hupotoka upesi. Ni afadhali lipelekwe penye jua, kwa watu ambao ngozi yao hushinda kazini pamoja nao.

Mahali pamoja panapofaa ni Ruanda. Ruanda inayotajwa hapa ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, wala si nchi yenye jina hilo. Barabara itokayo Kitai hupita Amani Makoro, ikafika Ruanda, kisha ikaelekea Ziwa Nyasa. Upande wa juu ni milima ya Umatengo, ambako wakulima hulima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mlimani mfano wa sega la nyuki ili mvua isiuchukue udongo, na ambako kahawa imekuwa fedha ya nyumba tangu miaka ya 1920. Ruanda kwenyewe kuna makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011. Na chini, kwenye mwambao ambao tangu mwaka 2012 umekuwa wilaya ya Nyasa, watu huishi kwa muhogo na kwa samaki, hasa usipa, dagaa wa ziwa hilo, ambao huanikwa juani mpaka wakauka.

Kazi hizo tatu, ya mlima, ya machimbo na ya ufukwe, zinasimamiwa na msimamizi mmoja, nalo ni jua. Juu mlimani jua ni kali zaidi ya vile baridi inavyoonyesha, kwa sababu mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000. Chini ziwani mchanga mkavu huirudisha karibu asilimia 15 ya mionzi hiyo, basi mwenye kuanika usipa hupigwa kutoka mbinguni, akapigwa tena kutoka ardhini. Jua likaushalo samaki mbele yake halina sababu ya kumbagua yeye.

Mwanamke wa miaka sitini aliyeanika usipa tangu utotoni, akisimamishwa karibu na mwenziwe wa umri uleule aliyekaa maisha yake chini ya paa la ofisi, huonekana mkubwa wake kwa miaka kumi. Watu husema amezeeka upesi. Usemi huu ndio unaostahili kupimwa, kwani mtu hawezi kuzeeka upesi. Miaka sitini ni miaka sitini, mlimani, ziwani na ofisini.

Uko ushahidi mashuhuri wa jambo hili. Mwaka 2012 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69, wa Marekani, aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mtu wa makamo. Upande wa kushoto, uliokuwa karibu na dirisha, umekunjamana, umekauka na kuning'inia, kana kwamba uso wa baba umeshonwa na uso wa mwana. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi iunguzayo, lakini huipitisha ile ipenyayo ndani zaidi, ambayo huvunja kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Mtu huyu alikuwa na umri mmoja na nyuso mbili. Upande wa kulia uliandikwa na miaka peke yake. Wa kushoto uliandikwa na miaka pamoja na kazi.

Kwa hiyo kitu kiitwacho uzee wa ngozi ni vitu viwili vilivyofungwa katika kanga moja. Kimoja ni umri, ambao ni wa kila aliyepewa pumzi. Cha pili ni jeraha: jeraha la polepole, lisilotoka damu, ambalo mtu halioni siku lilipompata. Umri hauna mkosaji. Jeraha linaweza kuwa nalo, au angalau lina kinga iliyoachwa bila kutumiwa. Na hapo ndipo penye fundo la mjadala wote, maana mwenye kuuza kikopo huchanganya mawili haya kwa makusudi. Huchukua uhalali wa kukinga jeraha, jambo jema lisilo na ubishi, akaufunika nao uchuuzi wa kukana umri.

Watu wa pwani na visiwani hawakungoja maabara ili kuijua nguvu ya mimea. Liwa husuguliwa juu ya msio kwa maji kidogo mpaka ukatoka uji laini wenye harufu ya msandali. Bibi harusi husingwa kwa singo iliyokusanya waridi, asumini, langilangi na karafuu. Manjano hung'arisha, hina hupamba, mafuta ya nazi hulainisha. Mingi ya mimea hiyo ililetwa na pepo za kusi na kaskazi: msandali kutoka Bara Hindi, mkarafuu na mlangilangi kutoka visiwa vya mashariki ya mbali. Lakini msio ulikuwa wa hapahapa, na mikono iliyosugua ilikuwa ya hapahapa.

Mikono hiyo inastahili kutazamwa vyema. Anayemsinga mwari ni somo au kungwi, mwanamke mtu mzima, mwenye vidole vilivyokwisha kukunjamana. Anaposinga hufundisha: maneno ya unyumba, ya staha na ya kuvumiliana hupita pamoja na harufu ya singo. Katika desturi hii dondoo la mmea haliifikii ngozi changa ila kwa kupitia mkono wa kizee, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa mkono ule una kasoro. Bila ya mkono ule singo ingekuwa matope yenye harufu nzuri. Kikopo cha leo kimeuhifadhi mmea, kikauondoa mkono. Tena huuonyesha mkono kama ule katika picha za matangazo, ukiwa mfano wa kitu ambacho mteja anapaswa kukiogopa.

Haki lazima itendeke kwa maabara pia, kwani ilipoufuata msio nyuma haikurudi mikono mitupu. Utomvu wa mshubiri una sukari ndefu zinazoshika maji juu ya ngozi, ndiyo maana huburudisha palipoungua. Mafuta ya mbegu za ubuyu yana asidi za mafuta zinazolainisha ngozi kavu. Kukumini, kiini cha manjano, hutuliza uvimbe katika majaribio, ingawa huharibika upesi kwa mwanga na hupenya ngozi kwa shida. Kafeini hubana mishipa midogo ya damu, basi uvimbe chini ya macho hupungua kwa saa kadhaa. Haiwezekani kujua kama kafeini ya kikopo fulani iliwahi kuwa katika punje ya kahawa ya Mbinga, bali si muhali. Huko Wawi, Pemba, Kiwanda cha Makonyo hukamua mafuta ya vikonyo vya karafuu, na ndani yake mna yujenoli, ambayo huua vijidudu ikiwa kidogo na kuunguza ikizidi. Kila kiini katika hivi kina kazi yake ndogo na ya kweli. Hakuna hata kimoja kinachomrudisha mtu nyuma mwaka mmoja.

Tena mmea si malaika. Maji ya ndimu yakipakwa ngozini kisha mtu akatoka juani, huacha malengelenge na mabaka meusi, kwa sababu ndimu ina kemikali ambazo huamshwa na jua. Piko, inayopakwa kwa jina la hina nyeusi, aghalabu haina weusi wa hina, kwa kuwa hina haitoi rangi nyeusi. Weusi ule ni wa kemikali ya kutia nywele rangi, nayo imewachubua maharusi na watoto wengi siku ya furaha. Na mkorogo ndio ubaya wenyewe. Juu ya kikopo huchorwa karoti au papai. Ndani huwekwa zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, ambao pamoja na mambo mengine unapiga vita zebaki katika vipodozi. Walakini kikopo hupita njia za panya, na jani lililochorwa juu yake humsaidia kupita. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kibaya kikitaka kutembea salama huvaa jani.

Ajabu ya mkorogo ni kwamba huivua ngozi mwavuli wake. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1979 vilionyesha kuwa ngozi nyeusi, kwa melanini yake, huikinga miili dhidi ya mionzi iunguzayo kwa kadiri ya mara 13, ilhali ngozi nyeupe ni kama mara 3. Hakuna mmea wowote uliokwisha kukamuliwa ambao mafuta yake hufikia nusu ya hazina hiyo kwa uhakika. Mtu aliyezaliwa nayo huuziwa dawa ya kuiondoa, kisha akishaiondoa huuziwa krimu ya kumkinga na jua.

Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nambour, nchini Australia, kwa watu wazima 903 wasiozidi miaka 55. Baadhi yao walitakiwa kupaka krimu ya kuzuia jua kila siku. Wengine wapake wapendavyo. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na dalili za uchakavu wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Katika jaribio hilohilo wengine walipewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo wachuuzi huipenda sana, na haikuonekana kuleta tofauti. Watu wale kwa wingi walikuwa weupe, na hukumu ya Nambour haiwezi kuhamishiwa Mbinga neno kwa neno. Hata hivyo funzo lake ni jepesi: kuzuia jua kulifaa, kumeza kiini cha mmea hakukufaa.

Ikiwa ni hivyo, basi zawadi kubwa kuliko zote ambayo mti umewahi kuipa ngozi ya binadamu haikukamuliwa wala haikutiwa kikoponi. Ni kivuli. Mwembe ulio mbele ya nyumba, mbuyu wa mwambao wakati wa majani, miti inayopandwa kuifunika mikahawa: hiyo ndiyo krimu ya kale, isiyo na bei wala tarehe ya kuharibika. Kofia ya ukindu ni kivuli cha mkindu kilichosukwa. Kanga iliyotandwa kichwani ni kivuli cha pamba. Pwani na bara wamekuwa wakiihifadhi ngozi kwa mimea karne na karne bila ya kuuita utendaji huo kwa jina lolote. Na anayeukata mti wa kivuli ili auze mkaa, hata akipewa kikopo cha dondoo lake, amefanya biashara ya hasara.

Yuko mtu mmoja ambaye kwake maneno haya hayana anasa hata chembe. Ni mtoto mwenye ualbino. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika Tanzania huzaliwa mmoja katika kila watoto 1,400. Huyu hana mwavuli wa melanini. Uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa ngozi yao huanza kudhurika tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wengi wameuawa na saratani ya ngozi kabla ya kufika makamo. Dunia ilisikia zaidi juu ya waliouawa kwa mapanga na imani za kishirikina, na ilikuwa haki isikie. Lakini jua limeua wengi zaidi, kimya kimya, bila ya kupelekwa mahakamani.

Kwa mtoto huyu, krimu ya kuzuia jua ni kama chandarua kwa mtoto wa penye mbu. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, katika mwongo wa 2010 ilianza kutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa juhudi za mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto na wenziwe wa Kitanzania, ikagawiwa bila malipo. Vichujio vyake vya jua ni vya kiwandani, wala havikuchumwa mtini, na hakuna ua lililohitaji kuchorwa ili mama aiamini. Kikopo hicho hakimwahidi mtoto kubaki kijana. Kinamwahidi kinyume chake kabisa: kwamba huenda akajaliwa kuzeeka.

Hapa maneno mawili, kuhifadhi ngozi na kuzuia uzee, yanaachana njia waziwazi. Kwa mmoja, kuihifadhi ngozi ni kuukimbia uzee. Kwa mwingine, ni njia pekee ya kuufikia. Yule wa kwanza anazo krimu kumi mezani. Wa pili, akiwa kijiji cha mbali na hospitali, huenda asiwe na hata kofia. Jamii inayopanga rafu zake hivyo imekwisha kujibu swali la maadili kabla halijaulizwa, na imelijibu vibaya.

Atakuwepo wa kupinga, na hoja yake si nyepesi. Atasema kujipamba ni haki ya mtu; kwamba mwanamke wa mjini anayenunua krimu kwa fedha yake hajamwibia mtoto yeyote; na kwamba wanaume wanaohubiri juu ya urembo mara nyingi ndio hao wanaogeuza macho makunyanzi yanapoingia nyumbani. Yote ni kweli. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, akimwachia binti yake wasia wa dini na wa unyumba, hakuona haya kutaja manukato na mapambo pamoja na ibada. Mapambo yake yalikuwa ni adabu ya kuishi na mtu. Hayakuwa vita dhidi ya siku za mtu mwenyewe.

Na tenzi hizohizo za mwambao zina upande wa pili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliwaonyesha watu wa Pate fahari ya majumba na miili ilivyokwisha, ili moyo uzinduke. Pwani imekuwa ikiziweka tungo hizi mbili katika kasha moja bila ya kuona mgongano, na pengine hiyo ndiyo hekima inayotafutwa hapa. Jipambe, kwa kuwa uhai ni mgeni wa kukirimiwa. Usijidanganye, kwa kuwa mgeni huaga.

Basi mizani inaweza kushikwa hivi. Kuikinga ngozi na jeraha ni wajibu, kwa sababu mwili ni amana. Na wajibu huo huanzia kwa aliye hatarini zaidi, mtoto mwenye ualbino, mkulima wa ngoro, mchimbaji, mwanikaji wa usipa. Kuipamba ngozi ni haki, na mimea ni mapambo mazuri pale inaposemwa kweli juu yake: inalainisha, inanukia, inatuliza. Lakini kumwambia mtu kwamba umri wake ni ugonjwa ni uongo, hata kama kila kilichomo kikoponi kimetoka shambani. Uongo huo una mwathirika, naye ni kila mtu mzima anayefundishwa kuuonea haya uso ambao wajukuu zake wanautegemea.

Siku ya mavuno ya usipa, jua lifikapo utosini, wanawake wa ufukweni huingia chini ya mwembe. Mkubwa kuliko wote ndiye hupewa mahali penye kivuli kizito, karibu na shina. Hakuna anayemwomba apunguze miaka yake ndipo akae hapo. Wakishatulia, mdogo mmoja humuuliza habari za mvua au za ndoa inayomsumbua, na mtu mzima yule hujipangusa uso kwa ncha ya kanga, halafu huanza kujibu.